Fundi Jeptoo, Mwalimu wa Wasiosubiri Digrii

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya Agosti 2014, jua limeshapamba moto Thornhill, kaskazini mwa Toronto. Jeptoo Kimaiyo amesimama kwenye ngazi za nyumba ya watu, mikono mfukoni, na kila mara anaitoa na kuirudisha. Huyu ni mwanamke anayefungua mabomba ya maghorofa kila siku bila kutetereka, lakini leo ana kiherehere cha bibi harusi.

"Leo kazi si yangu," anasema huku akicheka. "Mimi nimekuja kutazama tu. Na kumbe kutazama ndiyo kazi ngumu!"

Mwenye kazi ni mwanafunzi wake, Fareen, msichana wa miaka kumi na saba ambaye hajawahi kukalia dawati la shule. Mama yake, Zebunissa, mzaliwa wa Mwanza, amemsomesha nyumbani, Etobicoke, magharibi mwa jiji, tangu a-e-i-o-u. Leo Fareen anajaribiwa. Akifaulu, atachukuliwa kuwa mwanagenzi wa ufundi bomba, ajifunze huku akilipwa. Akishindwa, baba yake, Nurudin, ameshakata shauri: spana chini, Septemba binti aingie chuoni kusomea uhasibu, asioupenda hata chembe.

Jeptoo, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, alitoka Kapsabet, Kenya, mwaka 2003. Miaka mitatu ya mwanzo alisafisha korido za maghorofa, na mshahara wote ukaishia kwenye kodi ya nyumba. Bomba likipasuka, yeye alikausha maji na fundi akaitwa.

"Nikajiuliza, mimi hapa na ndoo, yule pale na spana, na maji ni yale yale," anakumbuka. "Nikaenda kuomba nifundishwe."

Leo ana cheti cha ufundi, ana gari la kazi, na digrii hana. Ualimu ulimjia bila kuutafuta. Zebunissa, jirani yake wa ghorofa moja, alimsimamisha siku moja mbele ya lifti. "Dada, huyu wangu anafungua kila kitu nyumbani, hata pasi," alimwambia. "Nimfanyeje?"

Jeptoo akamwambia amlete. Sasa kila Jumamosi, katika chumba cha chini cha kanisa, ana vijana kumi na mmoja, Wakristo na Waislamu, wote wanaosomea nyumbani. Wanakata mabomba, wanabadilisha koki, na wanajifunza kumsalimu mteja na kusema "sijui" bila kuona haya.

"Wazazi wa kwetu, mtoto ni daktari, wakili, ama ni aibu," anasema na kutikisa kichwa. "Siwaambii watoto wasisome. Nawaambia mlango si mmoja."

Mlango wa Fareen nusura ufungwe mwezi wa Mei. Methodius, mkandarasi mzaliwa wa Bukoba, alikubali kumjaribu katika nyumba hii hii, kwa Bi Kanizfatema, mjane kutoka Zanzibar. Mlangoni pana zulia jeupe pe. Fareen, aliyelelewa kwenye nyumba isiyokanyagwa na kiatu, alifanya kama alivyofunzwa na mamake. Alivua buti, akazipanga vizuri, akaingia na soksi.

Akiwa chini ya sinki, spana nzito ilimponyoka. Ilitua sakafuni, pembeni kabisa ya vidole vyake. Methodius alimrudisha nyumbani papo hapo.

"Adabu yake niliipenda," anasema Methodius. "Lakini buti zile hazikuwekewa chuma mbele bure. Ningemwambia nini baba yake, kidole cha binti kimekwenda wapi?"

Fareen alilia, na Nurudin akaanza kuleta vijitabu vya vyuo. Jeptoo hakukubali.

"Nilimwambia, mwanangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi nilikuwa nimewafundisha mabomba, nikasahau miguu!"

Dawa ilitoka kwenye cherehani ya Zebunissa. Alikata koti kuukuu la mvua, akashona vifuniko vya kuvaa juu ya buti, vyenye mpira wa kubana kifundoni. Vijana wakavijaribu wakitembea huku na huku chumbani kama bata, wakivunjika mbavu kwa kicheko. Sasa kila mmoja ana jozi yake. Kisha wiki iliyopita Bi Kanizfatema akampigia simu Methodius. Koki ya bafuni imeharibika, na anamtaka "yule mtoto aliyenivulia viatu."

Ndiyo maana tuko hapa. Methodius amekwisha fika. Fareen anabisha, mlango unafunguliwa.

"Karibu, mwanangu," anasema Bi Kanizfatema.

Fareen anainama, na mkono unakwenda moja kwa moja kwenye kamba za buti. Jeptoo anafumba macho. Mkono wa Fareen unasita, unaingia mfukoni, unatoka na vifuniko.

"Samahani, Bibi, buti lazima," Fareen anasema. "But your carpet, usijali."

Bibi anacheka na kumpisha. Methodius anaingia nyuma yake. Jeptoo anabaki nje akisikiliza chuma kikigongana, kisha kimya, kisha maji. Hatimaye Methodius anatokea mlangoni.

"Jumatatu, saa moja asubuhi. Asichelewe."

Vigelegele vya Jeptoo vinafungua mapazia ya majirani. Furaha imemjaa hata maneno yanapigana kutoka.

"Mwaka ujao nataka karakana yetu wenyewe, si ya kuazima!" anasema. "Vijana ishirini, sinki sita! Na somo la kwanza, buti, atalifundisha Fareen."

Ng'ambo ya barabara kuna gari. Nurudin alimleta binti yake asubuhi, na muda wote huu hakuondoka. Fareen anamkimbilia na kumweleza kupitia dirishani. Baba anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Nyumbani kwake hata mwenye nyumba akija huacha viatu nje.

"Koki ya jikoni inadondosha tangu Idi," anasema, macho kwenye usukani. "Tukifika, anza nayo."

"Na buti, Papa?"

"Na buti."