Sasa Siye Tukunywe Nini

"Sasa siye tukunywe nini?" Swali hili niliulizwa na mama mmoja mzee, pembeni mwa mji wa Bunia, mbele ya chemchemi ambayo mwanafunzi wangu alikuwa ameeleza punde tu kwamba maji yake yana vijidudu vya kinyesi. Mimi ni mtu wa biolojia. Nimefundisha kwa miaka mingi, na mvi zangu zinaonekana kutoka mbali. Hadi leo sina jibu.

Somo ninalolifundisha katika mwaka wa mwisho halikuwapo nilipokuwa mwanafunzi. Linahusu kueleza sayansi kwa mtu ambaye hakuisomea, na pia kujiandaa kutafuta kazi. Wenzangu huliita somo la mdomo. Nimejiwekea humo kanuni moja ambayo sijawahi kuilegeza: kila mwanafunzi lazima arudi kwa watu waliomruhusu kuchota maji yao au kukata majani ya shamba lao, awaeleze alichokiona, kwa Kiswahili, bila karatasi mkononi. Tunaita kurudisha. Mwaka wa kwanza walinung'unika sana.

"Mama CT," mmoja aliniambia, akiniita kwa cheo changu cha chuoni, chef de travaux, kama wanavyofanya wote, "Kiswahili iko ya soko. Sayansi iko ya Kifaransa."

Nilimjibu kwamba kuhara nako hakujui Kifaransa. Walicheka, wakaenda.

Binti ninayetaka kumkumbuka hapa alitoka upande wa Fataki. Familia yake ni ya wakulima. Vita viliwafukuza, na walikuwa wakiishi katika kambi ya waliohamishwa, kando ya mji. Chemchemi aliyoichunguza kwa kazi yake ya mwisho ndiyo iliyomnywesha yeye na mama yake na wadogo zake. Alichota sampuli asubuhi za mvua na asubuhi za jua, akazibeba hadi maabara katika sanduku la kubebea chanjo alilokuwa ameliazima, na alipomaliza kuhesabu vijidudu kwenye sahani zake alianza kuhesabu upya. Nilidhani amekosea hesabu. Hakuwa amekosea.

Siku ya kurudisha, nilisimama nyuma ya foleni ya bidoni, yale madumu ya njano ya kutekea maji. Yeye alisimama mbele, mikono mgongoni, macho juu ya vichwa vya watu, kama tulivyofundishwa sote kukariri tangu shule ya msingi. Akaanza:

"Waheshimiwa wamama, tout protocole observé, niko na heshima kubwa ya kuwaletea matokeo..."

Foleni yote ilicheka.

"Mutoto, uko nahubiri ao uko nateka maji?"

"Mumupe kiti," mwingine alisema. "Misa ya leo itakuwa murefu."

Niliona haya, kwa sababu maneno hayo, pamoja na ile 'itifaki yote imezingatiwa' ya Kifaransa, niliyafundisha mimi. Ndivyo tunavyofungua utetezi wa kazi mbele ya walimu, na wiki nzima nilikuwa nimewazoeza hivyo. Sikuwahi kuwaambia kwamba mbele ya watu wenye bidoni maneno hayo huachwa chuoni.

Binti alicheka pamoja nao. Kisha alichuchumaa kando ya bidoni ya mama mmoja, akaweka mkono juu ya mfuniko wake.

"Mama, tuseme hivi. Mvua ikinyesha, choo ya kule juu inashuka mpaka hapa. Macho haiione, lakini miye niliiona mu sahani ya maabara. Na siye kwetu tunaikunywa vilevile."

Hakuna aliyecheka tena. Nilijivuna nikiwa nyuma pale, maana katika miaka yangu yote sikuwahi kusikia kazi ya mwaka mzima ikisemwa kwa maneno machache hivyo na kueleweka na kila aliyesikia. Ndipo yule mama mzee alipogeuka na kuuliza swali lake. Hakumuuliza binti. Aliniuliza mimi, nadhani kwa sababu ya mvi na viatu.

"Muchemshe, mama," nilisema haraka.

"Makala ya kuchemshia utaleta weye?"

Hakusema kwa hasira. Alingoja tu. Binti ndiye aliyesema, akiwa bado amechuchumaa:

"Sijue, mama. Lakini nitarudia samedi."

Alirudi Jumamosi hiyo na zilizofuata. Wanawake walimwonyesha mahali ambapo maji ya mvua hupita yakitoka kwenye vyoo vya juu, njia ambayo hakuna ramani yetu iliyokuwa nayo, na kwa majembe yao walichimba pamoja naye mtaro wa kuyageuza. Alipima tena. Vijidudu vilikuwa vimepungua. Havikuwa vimekwisha.

Baadaye lilitoka tangazo la kazi. Ofisi moja inayoshughulikia maji mjini ilitafuta mtu wa biolojia wa kueleza matokeo ya vipimo katika mitaa. Ilitaka barua ya maombi, ukurasa mmoja kuhusu kazi ambayo mwombaji ameifanya, na barua ya mwalimu wake. Bila barua ya mwalimu, faili ingerudishwa. Nyumbani kwa binti hakuna mwingine aliyewahi kufika chuo, na mashamba yao yako mahali ambapo hawawezi kurudi. Hakuna aliyehitaji kunieleza maana ya tangazo lile kwa nyumba yao.

Alasiri, siku moja kabla ya mwisho wa kupokea maombi, aliniletea ukurasa wake. Aliandika kuhusu sahani za maabara na mtaro. Aliandika pia swali la yule mama, na chini yake: sikuwa na jibu, na bado sina.

"Toa hili," nilimwambia. "Mtu haombi kazi kwa kutaja asichokijua."

Aliitazama karatasi.

"Nikiitoa, itabaki na nini?"

"Itabaki na matokeo."

"Matokeo iko ya maji, Mama CT. Hii swali njo ya bamama." Aliikunja karatasi mara moja, taratibu. "Njo weye ulitufundisha kurudisha. Kama hautaandika barua, nitaelewa. Lakini hii siitoe."

Aliniaga kwa heshima, akatoka.

Kabla jua halijazama nilifungua kompyuta ili niitazame barua niliyokuwa nimekwisha kumwandalia. Ilisema kwamba ana bidii, nidhamu na utii. Mstari wa nne ulisifu uchunguzi wake wa samaki. Samaki walikuwa wa mwanafunzi wa mwaka uliopita. Nilikuwa nimebadilisha jina juu, nikaacha mengine. Ninafundisha vijana wasinakili barua za watu wengine, na mimi nilikuwa nikinakili yangu mwenyewe kila mwaka. Neno utii ndilo lililonichoma zaidi. Saa mbili tu kabla ya hapo alikuwa amekataa kunitii, na hilo lilikuwa jambo bora ambalo mwanafunzi wangu yeyote amewahi kunifanyia. Niliifuta barua yote.

Asubuhi niliandika nyingine, nikaipeleka mwenyewe kwa pikipiki hadi ofisi ile ya maji. Binti alikuwa amekwisha fika mapokezini, ukurasa wake ukiwa mzima mkononi. Karani alichukua barua yangu, akaisoma kwa sauti ya chini:

"Mbele ya akina mama wa chemchemi niliulizwa swali, nikatoa jibu rahisi lisilowafaa. Mwanafunzi huyu alisema hajui, kisha akarudi kuchimba mtaro pamoja nao. Swali bado halijajibiwa. Ninaomba mumpe nafasi ya kuendelea nalo."

Aliigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Mama, barua hii iko fupi sana. Ata ile heshima ya kufungulia, 'insigne honneur', haina. Na mbona unajishitaki mwenyewe?"

"Iko kamili," nilisema. "Piga muhuri."

Binti aliuweka ukurasa wake juu ya meza, kando ya barua yangu. Karani alipiga muhuri kwenye barua, kisha kwenye ukurasa, akaviingiza vyote viwili katika faili moja.