Dorca na Akina Akani wa Dunga

Hebu mwone anavyokuja. Ni Jumamosi asubuhi, mwaka wa 1997, na mama wa miaka sitini na kitu anateremka njia ya Dunga kuelekea ziwani, leso mbili kiunoni, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Kwapani amebana Biblia iliyozungushiwa kitambaa cha maua. Anatembea kama mtu anayekwenda matangani, hana haraka na hataki kufika. Wanaopishana naye wanamsalimu kwa heshima, "Oyawore, Dani," yaani habari ya asubuhi, bibi, na wengine wanasimama kabisa, maana nusu ya vijana wa ufuo ule walidondokea mikononi mwake. Anawajibu akiangalia vidole vyake vya miguu.

Huyo ndiye Dorca, nyamrerwa wa Dunga, yaani mkunga. Anakwenda kwa Milka kumwambia jambo ambalo alipaswa kumwambia miaka mitano iliyopita. Kesho saa nne litakuwa limechelewa. Mwache atembee kidogo, mimi nikueleze lilivyoanza, kisha tutamkuta huko huko njiani.

Marehemu mumewe, Oketch, alikuwa msomaji wa kanisa. Alipokufa aliacha kitanda, nyavu mbovu na hiyo Biblia. Dorca hakuwahi kukanyaga darasa, lakini ukunga aliufunzwa na shangazi yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Siku moja mwanamke aliyetoka kujifungua akamwambia, fungua Kitabu cha mzee utusomee jina la mtoto. Dorca angeweza kusema hajui kusoma. Lakini nyumba ilijaa wanawake, wote wamemkodolea macho, na mtoto alikuwa akilia. Akafungua katikati, akaweka kidole mahali, akasema: "Yohana." Wakapiga vigelegele.

Basi ikawa desturi. Dorca akimaliza kufunga kitovu ananawa, anafungua Kitabu, anaweka kidole, anatamka. Majina aliyokuwa nayo ni yale aliyoyasikia kanisani, na hayakuwa mengi. Kina Yohana na Petro walijaa Dunga mpaka ukiita mmoja wanageuka saba.

Mwaka wa 1983 Milka alikuwa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza. Dorca akaenda Kondele kununua wembe mpya na uzi wa kufungia kitovu. Pale njia panda mhubiri mmoja alikuwa na kipaza sauti, anahubiri Kiswahili na mwenzake anatafsiri kwa Kijaluo. Dorca alipokuwa akipita akasikia habari za Yoshua, jinsi alivyomwita mtu mmoja, Akani, kwa upole, akamwambia mwanangu, mtukuze Mungu. Jina likamwingia moyoni. Lilikuwa jepesi mdomoni, na hakuna aliyekuwa nalo. Akataka kusimama asikilize zaidi, ila Milka alikuwa ameanza kuumwa kiuno tangu alfajiri. Akarudi nyumbani na vitu vitatu: wembe, uzi, na jina ambalo hakulisikia mpaka mwisho.

"Huyu ni Akani," akasema jioni ile, kidole kikiwa juu ya ukurasa. "Maana yake, mwanangu, mtukuze Mungu."

Hiyo ilikuwa miaka ya neema ya mbuta. Mume wa Milka, aliyekuwa akivua ngege wa kujaza sufuria, akaanza kurudi na samaki wa kubebwa na watu wawili. Akanunua boti ya pili, akaezeka nyumba kwa mabati. Watu wakasema ni baraka ya jina. Wajawazito wakaanza kuagiza mapema: "Wangu akiwa mvulana, Dani, usinipe mwingine, nipe Akani." Kufikia mwaka wa tisini walikuwa tisa, na baadaye shuleni walimu wakalazimika kuwatofautisha: Akani Mrefu, Akani wa Mabati, Akani Meno. Wachungaji walikuja na kuhama, wakibatiza kwa mafungu huku gari likiwasubiri. Waliolishangaa jina hilo walidhani ni la mababu wa Wajaluo, wakanyamaza kwa adabu.

Na Dorca akapata kiti chake. Kila sherehe ya mtoto aliketishwa mbele, kando ya mama mzazi, kwa sababu yeye ndiye aliyesoma.

Kiti hicho kilimchoma. Mwaka wa 1991 akaanza kwenda Kondele mchana, akiaga kwamba anapeleka omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Karai lake alilishusha mlangoni pa darasa la ngumbaru, madarasa ya watu wazima, na kuingia. Mwalimu alikuwa binti mmoja wa mjini, Zeituni, mwenye subira ya ajabu. Aliwaambia walete maandishi yoyote waliyo nayo nyumbani. Dorca akaleta Biblia, akaeleza kwamba anatafuta jina lililo katika habari za Yoshua.

"Mimi Mwislamu, Mama Dorca, kitabu chako sikijui," Zeituni akasema. "Lakini herufi ni hizi hizi. Tafuta Yoshua juu ya ukurasa, halafu teremka na kidole."

Akateremka. Ilimchukua majuma. Siku alipokuta A-ka-ni, na karibu yake neno mwanangu, na mbele yake kumtukuza Mungu, alifunga Kitabu akalia palepale kwenye dawati. Hakuwa amewadanganya. Juma zima aliimba akipepeta omena. Jumapili alipotoka kanisani akakaa mlangoni kwake na chai, akafungua tena ili ajue huyo mwana mpendwa alimtukuza Mungu kwa namna gani.

Akasoma mpaka chai ikaingia inzi. Akani alikuwa ameiba. Baada ya vita alichukua joho zuri na fedha na dhahabu, vitu walivyokatazwa wote, akavifukia hemani, na kwa ajili yake wenzake wakashindwa na kufa vitani. Yoshua alimwita mwanangu ili aungame. Alipokwisha kuungama wakampeleka bondeni yeye na wanawe na binti zake, wakampiga mawe.

Hakuamini macho yake mapya. Kesho yake akamwendea Wanyonyi, mzee aliyekuwa akitandaza vitabu vya dini karibu na stendi ya mabasi, mtu asiyemjua, akamuuliza Akani ni jina la namna gani. Mzee akamwambia kwamba Wayahudi wenyewe wanalihusisha na neno lao la taabu, na bonde lile nalo likaitwa hivyo, Akori, bonde la taabu.

"Ndiyo maana huwezi kulikuta," akacheka. "Miaka ishirini nauza vitabu vya Mungu, sijakutana na Akani mwenye miguu. Nani atamfanyia mwanawe hivyo?"

Dorca akanunua kitabu kidogo cha nyimbo asichokihitaji, akaondoka.

Hapo ndipo angesema. Angewaendea mama tisa, nyumba kwa nyumba. Lakini kusema kungeanza na maneno yale yale yaliyomshinda siku ya Yohana, kwamba hakujua kusoma. Akajiambia atangoja mvua zipite.

Mvua hazijapita, akaitwa kwa Nakhungu, Mbukusu aliyeolewa pale Dunga. Mvulana. Kabla hajanawa mikono, mama mkwe alikuwa ameshaanza kumwita mtoto Akani na kumrusharusha. Kitabu kikaletwa. Dorca akafungua katikati kama siku zote, akaweka kidole, na safari hii macho yakasoma neno lililokuwa chini yake. Lilikuwa "na". Basi. Akainua uso akaona wanawake wanangoja.

"Akani," akasema.

Yule wa kwanza alimpa jina kwa kutojua. Huyu alimpa akijua. Tangu siku ile alizoea kuficha kidole kile ndani ya ngumi, bila hata mwenyewe kujitambua.

Sasa mwaka huu, 1997, amekuja pasta mpya anayependa vijana. Amepanga kwamba watoto wa kipaimara kila mmoja asimame mbele ya kanisa asome mahali jina lake lilipo katika Maandiko. Akani wa Milka, kwa kuwa ndiye mkubwa wa akina Akani, ataanza. Alhamisi Milka alikuja kwa Dorca na Biblia ya mwanawe aonyeshwe ukurasa, maana yeye hajui kusoma. Dorca alichukua uzi wa kitovu, akakata vipande viwili, akavilaza kwenye ukurasa. Aanzie hapa, akasema. Aishie hapa. Na kati ya nyuzi hizo mlikuwa na maneno mazuri tu.

Siku mbili hakulala vizuri. Ndiyo maana leo anateremka na viatu mkononi. Haya, tumeshamkuta.

Milka alikuwa kando ya barabara, anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Boti moja ya mumewe iliuzwa zamani, na ile iliyobaki imenaswa na magugu maji.

"Nyar Alego," Milka akamwita kwa jina la kwao, binti wa Alego, "leo umebeba Kitabu kama mwinjilisti. Kaa nikupe kichwa ukinyonye."

"Sitakula, min Akani," Dorca akamjibu mama Akani. "Epua kwanza."

"Niepue, wateja wale mifupa mibichi?"

"Nilipompa mwanao jina sikujua kusoma."

Milka akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaepua. Dorca akasema yote, mhubiri, Zeituni, wizi, mawe, bonde, na zile nyuzi mbili. Milka alisikiliza akigeuzageuza kijiko kikavu.

"Ulijua lini?"

"Tisini na mbili."

"Kabla ya mtoto wa Nakhungu, au baada?"

Mafuta yalikuwa bado yanatoa povu dogo ukingoni mwa karai.

"Kabla."

Milka akainama akapanga kuni ambazo zilikuwa zimepangika. "Kusoma ningekuachilia," akasema. "Mimi mwenyewe sijui." Akajipangusa mikono kwenye leso. "Akiwa darasa la nne alirudi na mdomo umepasuka. Nikamuuliza, akasema ni mpira. Mwaka uliofuata, mpira tena. Sasa ndiyo naelewa. Walikuwa wakimwita mwizi. Mtoto huyu anasoma tangu ana miaka saba, Dorca. Alijua. Alitunyamazia sisi wawili."

Dorca alitaka kuomba msamaha. Akauliza tu kama kesho akae nyuma.

"Hapana. Utakaa mahali pako. Mbele, karibu na mimi, wakuone."

Jumapili akakaa. Kanisa lilijaa, pasta akaita, na Akani akapanda madhabahuni kwa suruali ya kuazima, mrefu kuliko baba yake. Akafungua Kitabu penye uzi wa kwanza, akasoma kwa sauti isiyotetemeka yale maneno ya Yoshua ya upole, mwanangu, na kumtukuza Mungu. Akina mama wakaitikia. Akafika kwenye uzi wa pili.

Hakufunga Kitabu. Aliuchukua ule uzi kwa vidole viwili, akausogeza kando, akainua macho. Hakumtazama pasta wala mama yake. Alimtazama Dorca, kama mtoto anayeomba ruhusa kwa mkubwa, akangoja. Nyuma yake akina Akani wengine wanne walikuwa wamepanga mstari. Mlangoni Nakhungu alikuwa amesimama, amemshika Akani wake mkono.

Kanisa zima likaanza kugeuka kumtazama anayetazamwa. Na Dorca alijua kwamba akitikisa kichwa kidogo tu kijana atakaa, na akiinamisha kidogo tu ataendelea mpaka bondeni.

Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, ungekuwa wewe kwenye kiti kile, ungemwashiria nini?