Tundu la Kupitishia Makaa

Fundi mmoja wa mtaa wa Kamalondo hubuni vijumba vya karatasi ngumu, vya kupangwa kando ya reli za treni ndogo za mezani. Mita moja ya kweli kwake ni upana wa kidole. Hukata akiwa amebana pumzi, na kila mstari huupitia kwa ukucha kabla ya wembe. Hatoi seti ya kuuza mpaka mtu aliyeishi katika nyumba yenyewe aitazame, wala hamwulizi, "Ni hivi?", kwa maana mgeni mwenye adabu hukubali hata uongo.

Leo amemwita Mama Régine, aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Ramani ya zamani inaonyesha ukuta mzima kati ya majiko ya nyumba mbili. Fundi ameutoboa kwenye kijumba chake kwa neno la jirani mmoja tu wa kambini. Mama anakigeuza kijumba polepole, anachungulia ndani.

"Eh, papa! Njo apa! Mama yangu alikuwa anapitishia jirani, Mama Bwalya, makala ya moto apa apa, asitoke mu mvua. Nani alikuambiaka?"

Fundi anashusha pumzi ndefu, anaketi.

"Lakini ulifanya kadogo," Mama Régine anamkemea. "Mukono ya mama yangu ilikuwa munene!"

Fundi anacheka mpaka machozi yanamtoka, kisha anachukua wembe na kulipanua lile tundu kwa unene wa unywele.