Mashine Iliyougua Nyumbani Tu

"Umesikia?" Mama Pacha aliniuliza bombani, ndoo yake haijafika hata nusu. "Yule shangazi yako wa kompyuta ni mwizi. Kachomoa ram nzima ya Mama Fotokopi, kapachika mbovu. Ndiyo maana mashine haiponi."

"Nani kasema?"

"Watu."

Watu wa Mama Pacha hawana sura, lakini hawachoki. Nilijitwisha ndoo yangu, mwanangu mgongoni, nikaondoka.

Shangazi si wa damu. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, na wapangaji wote tunamwita hivyo kwa heshima. Alianza kwa kufagia ofisi. Kompyuta zikifa, yeye ndiye aliyeambiwa akazitupe, naye hatupi. Anazibeba nyumbani, anazifungua, anazipangusa vumbi kwa brashi. Nyingine zikawaka. "Zilitaka kuogeshwa tu," huwa anasema. Sasa chumba chake cha mbele ndiyo karakana, waya zimening'inia msumarini kama mikanda, na mchana mimi hukaa mlangoni pake na mtoto kwa sababu pana upepo.

Kazi yake ninayopenda kuitazama ni kupima ram, vile vijiti vya kumbukumbu vya kompyuta. Kwa nje utadhani hafanyi kitu. Skrini inajaa tarakimu, yeye kakunja mikono. Nilimuuliza siku za mwanzo, akanijibu, "Ukimtuma mtoto dukani, unamwambia chumvi, kiberiti, sabuni. Halafu unamwambia, hebu rudia. Akisema chumvi, kiberiti, sukari, ujue hapo pana kasoro. Programu hii nayo inaitajia ram maneno, inaiambia irudie, kona kwa kona. Ikikosea, mstari unatoka mwekundu."

"Na ikipatia?"

"Unaituma tena. Mtoto hupatia mara ya kwanza kwa sababu umemkazia macho."

Basi siku hiyo ya maneno ya bombani, Mama Fotokopi mwenyewe akaingia, yule mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala barabara ya nyuma. Kompyuta yake kaikumbatia kifuani kwa mara nyingine. Akaitua mezani kwa kishindo.

"Shangazi, nakuheshimu. Lakini mitihani ya shule inataka kuchapwa, na mashine inazimika na kurasa zangu tumboni. Na huko nje nasikia maneno."

"Maneno gani?"

Mama Fotokopi akatazama viatu vyake. "Kwamba umenibadilishia ram."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu. Ila kwako inapona, kwangu inaugua. Nifikirie nini? Kesho ikiwa bado, naipeleka kwa fundi mwingine."

Akaenda zake. Fundi akishaitwa mwizi, hata redio mbovu haletewi, na Shangazi hana shamba wala mume wa kumtegemea. Aliifungua ile mashine, akaanza kuipima. Ram ikarudia kila neno, haikukosea hata moja. Kila ilipopatia, uso wake ulizidi kuingia giza.

Mwanangu akaamka, akakohoa kidogo, akamchekea. Nikasema ili tu nimchangamshe, "Huyu naye mnafiki. Usiku nyumbani anakohoa mpaka nalia. Nikimfikisha kliniki, anamchekea daktari, daktari anadhani mgonjwa ni mimi."

Shangazi hakucheka. Aligeuka pamoja na kiti chake. "Nyumbani analala wapi?"

"Karibu na dirisha, moshi wa majirani unaingia pale."

"Na kwa Mama Fotokopi umewahi kufika? Mashine yake inalala wapi?"

Nilikuwa nimetoa nakala ya kadi ya kliniki pale. "Ndani ya kabati, chini ya kaunta. Makatoni ya karatasi huku na huku. Ukisimama karibu, magoti yanapata joto."

Alijipiga paji la uso. "Na mimi naipima ikiwa uchi, mlangoni, upepo unaipepea! Niletee blanketi la mtoto."

Tukarudisha mfuniko, tukaiviringisha mashine kama kichanga. "Nyuma usiibane sana," akaniambia, "nataka ipate homa, sitaki tuizike." Tukangoja. Feni ikaanza kulalamika. Kwanza hamna kitu. Kisha mstari mwekundu, na mwingine, na mwingine, mpaka Shangazi akanivamia na kunikumbatia mimi na mtoto kwa pamoja.

Hakuchomoa chochote. "Mwenyewe aje aone kwa macho yake," akasema, nikatoka mbio kumwita.

Mama Fotokopi alioneshwa yote: blanketi likitoka na mashine ikapoa, ram inakumbuka, likirudi, inasahau. Shangazi akapima kijiti kimoja kimoja mbele yake, kile kilichokuwa kibovu akamwekea kiganjani.

"Kumbe ni kijiti changu kile kile, nilikuwa nakipika mwenyewe!" Mama Fotokopi akashika kichwa. "Shangazi, nimekupaka matope."

"Matope hufutika yakiwa mabichi. Pita na hicho kijiti barabarani ukiwasalimia watu. Na yale makatoni yatoe kabatini."

Akaondoka anacheka kwa aibu. Kijiti kilichobaki kilikuwa bado kinapimwa ndani ya blanketi, maana Shangazi hakutaka mashine irudi dukani kabla hakijamaliza mizunguko yote. Nikainuka.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kumpikia mtoto uji."

"Uji nitapika mimi. Nipe huyo, ukae kwenye kiti changu. Macho yangu yamedanganywa siku zote hizi. Sitaki yaseme peke yake kwamba mashine imepona."

"Shangazi, mimi niliishia shule ya msingi. Hayo maandishi siyajui."

"Nyekundu unaijua?"

"Naijua."

"Basi kaa," akasema, huku mtoto ameshamdaka miwani. "Ukiiona, niite."