Ndimu za Sleyum na Kahawa ya Wakili

Sleyum bin Hamed alikuwa na miti kumi na minne ya ndimu, na akiipenda kuliko baadhi yetu tulivyowapenda watoto wetu. Alirudi kutoka Unguja mwaka 1972, kuja huku kwetu Uarabuni, nchi ya wazee wake, akapata ukarani katika skuli moja karibu na Ibra, na shamba la marehemu babu yake akalikuta limejaa miiba. Akalifyeka kwa mikono yake. Mimi, Ghanim, shamba langu limepakana na lake, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona.

Maji yetu sote yalitoka katika falaji moja, mfereji uliochimbwa na wazee kutoka chini ya mlima, na kila shamba lilikuwa na zamu yake. Msimamizi wa zamu huitwa wakili, naye huchaguliwa na wenye mashamba. Wakili wetu alikuwa Sheikh Mahrous. Tulimchagua wenyewe, hakuna aliyetushikia fimbo.

Mwaka 1976 zamu ya maji ya msikiti ilikutwa ikimwagilia majani ya ng'ombe wake. Tukaenda barazani kwake mishipa imetuvimba, akatuletea halua na kahawa, tukatoka tunasifu iliki. Mwaka 1979 ikaletwa saruji ya kuziba nyufa za falaji. Nyufa zikabaki, Mahrous akapata ukuta mpya. Tukaenda tena. Halua ya mara ile ilikuwa na lozi, na tukamchagua upya.

Mwaka 1983 akachimba kisima juu kabisa, karibu na chemchemi, akatia pampu. Zamu ya Sleyum ikawa haifiki mti wa tano. Majani ya ndimu yakaanza kujikunja, naye Sleyum akatukusanya.

"Jamani, kila mara mnakwenda kushitaki, mnarudi na halua mdomoni," alisema. "Mimi nimewaona mabedui wa Sinaw. Mtu mwenye haja hukiweka kikombe chini, hakinywi mpaka asikilizwe. Mwenye nyumba hana pa kukimbilia. Ijumaa tuviweke chini vikombe, sote."

Tukakubali. Khalaf, bingwa wetu wa viapo, akaruka juu. "Wallahi sinywi, hata koo linikauke!"

Ijumaa baada ya sala tukajaa barazani. Mahrous akamimina kahawa mwenyewe, akaanza na Khalaf.

"Na ile barua ya kazi ya kijana wako, tuiandike kesho?"

Khalaf akanywa. Akaomba na cha pili. Azzan, mwenye shamba mwenzetu aliyekaa kando yake, akanong'ona kwamba kumwacha mwenzetu anywe peke yake ni utovu wa adabu, akanywa naye. Mimi nilikuwa wa nne. Nilijiambia naonja tu, kana kwamba aibu ina vipimo.

Kikombe cha Sleyum kilibaki mkekani.

"Una haja gani, ndugu yangu?" Mahrous akamuuliza kwa upole.

"Izime pampu, Sheikh. Ndimu zangu zinakufa."

"Insha'Allah. Na wenzako? Yupo mwengine mwenye haja?"

Tukavitikisa vikombe vyetu, kama mtu anavyofanya kuonyesha kwamba kahawa imemtosha. Ndipo Azzan, kwa kujipendekeza, akasema, "Msamehe, Sheikh. Huyu katoka Zanzibar majuzi, mila zetu hajazijua." Miaka kumi na mmoja, majuzi! Na mila yenyewe ilikuwa yetu, yeye ndiye aliyetukumbusha. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Kabla ya kuondoka Khalaf akapendekeza wakili aendelee na kazi yake njema, mikono ikanyanyuka mbiombio.

Sleyum hakuchoka upesi. Aliandika malalamiko ya kupeleka kwa wali, mkuu wa serikali wilayani, akayapitisha nyumba baada ya nyumba kwa siku tatu. Mmoja alikuwa na jicho linauma, mwengine kalamu haimkai mkononi. Mimi nilimwambia mke wangu aseme nimekwenda Bahla, nami nilikuwa nyuma ya mlango. Karatasi ikarudi na sahihi yake peke yake.

Kiangazi cha pili ndimu zote zilikuwa zimekauka. Sleyum akatangaza kwamba anaikata ile miti, anatafuta nyumba Samail.

Tulikwenda kumsaidia. Tulikuja na mashoka na kamba, wengine na punda, tukafanya kazi bega kwa bega tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kuni tukagawana. Siku ile hakukosekana hata mtu mmoja.