Bomba Lililomshika Mama Mkwe

Nakumbuka vizuri, mjukuu wangu, siku bomba la maji la kambi ya Kimamba lilipomshika mama mkwe wangu likakataa kumwachia. Utacheka, najua, lakini subiri kwanza nikueleze tulifikaje hapo.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye mashine ya kusafishia katani, katika shamba la mkonge ambalo baada ya Azimio, serikali ilipotaifisha mashamba, lilikuwa mali ya umma. Tuliambiwa shamba ni letu, nasi tukalipenda kama letu, pamoja na kasoro zake. Palikuwa na injini kubwa ya umeme iliyoendesha mitambo na pampu ya maji. Waya mmoja wa pampu ulikuwa umechubuka, umeme ukavuja ukaingia kwenye bomba la chuma. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Wakati ule tulichojua ni kwamba ukilishika bomba vidole vinatekenywa, na ukiwa pekupeku unatekenywa mpaka kwenye kiwiko.

Lilinipiga mara ya kwanza nikiwa na ndoo mkononi. Nilirusha ndoo, nikaruka na mwenyewe, nikamtaja babu yangu kwa jina lake, jambo ambalo kwetu halifanywi. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo, mgeni akifika kambini tulimtuma maji, kisha tukajipanga kumtazama. Utoto mtupu, lakini tulifurahi.

Kisha mzee mmoja mwenye baridi yabisi akatangaza kwamba tangu aanze kulishika bomba kila asubuhi, vidole vyake vinakunjuka. Mfa maji hukamata maji, mwanangu. Bomba likapewa jina, likaitwa Daktari. Wazee wakaja hata kutoka vijiji vya jirani, na ili dawa iingie vizuri wakavua viatu na kulowesha mikono kwanza. Hebu fikiria, walivua viatu!

Mimi wakati huo nilikuwa nimepeleka posa Mikumi, kwa binti aitwaye Zainabu. Baba yake alikuwa ameshafariki, neno la mwisho likawa la mama yake, Bi Mwajuma, naye alikuwa hajalitoa. Aliniona kijana wa maneno mengi, na sikatai. Lakini magoti yalimsumbua sana, nikaona hapo ndipo pa kupitia. Nikatuma salamu kwamba kwetu Kimamba kuna dawa. Akaja na binti yake kwa treni, wakabadilishia Kilosa, mkono mmoja ameshika fimbo, mwingine ameuegemeza begani kwa Zainabu.

Sasa nyie vijana wa leo hamtalielewa hili mpaka nilieleze. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye mkeka mmoja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha. Hata mimi, ambaye posa yangu ilikuwa bado inaning'inia, nilichuchumaa mbali, macho chini, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyo daktari wako yuko wapi?"

Zainabu alibaki nyumbani kwa wenyeji anasaidia kupika, mimi nikaongoza njia. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha, na pale bombani maji yametuama. Bi Mwajuma akavua ndala, akaingia kwenye dimbwi, akalikamata bomba kwa kiganja kizima kama alivyoelekezwa.

Hakuruka. Hakupiga kelele. Alikakamaa, meno yameumana, macho yamemtoka. Watu wakaanza kumsifu kwamba mama huyu jasiri, dawa anaipokea kimya kimya! Lakini mimi niliuona mkono wake ukitetemeka, nikajua hawezi kuachia. Mwanangu, niliogopa. Niliwaza Zainabu anakuja na chakula, anakuta mama yake amekufa kwa mwaliko wangu.

Mikono yangu ilitaka kumkumbatia nimvute, adabu ikanizuia. Kumkamata mama mkwe kiunoni mbele ya kambi nzima! Begani nilikuwa na fungu la katani kavu nililotoka nalo kwenye mashine. Nikalizungusha kiunoni mwake bila kidole changu kumgusa, nikazishika ncha zote mbili, nikavuta kwa nguvu nilizokuwa nazo na ambazo sikuwa nazo. Akachomoka. Tukaanguka chali wote wawili, yeye huku, mimi kule.

Alilala pale, macho ameyafumba. Nikadhani nimechelewa. Kisha akafumbua macho, akauliza, "Nani amenishika kiuno?"

"Ni katani, mama," nikajibu, magoti yamezama kwenye matope. "Si mimi."

Heshima si utumwa. Fundi alinieleza siku nyingine kwamba ningemshika kwa mikono yangu, tungekufa wote wawili. Kilichoniokoa ni katani ile kavu na katambuga zangu, vile viatu vya matairi, na katani niliitumia kwa sababu ya adabu tu, si kwa sababu ya akili.

Lakini vituko havikuishia hapo. Bi Mwajuma aliinuka, akatimua mbio mpaka ukutani kwa stoo, fimbo kaiacha kwenye dimbwi. Vigelegele vikapigwa. Daktari kamponya! Wazee wawili wakaanza kuvua viatu.

"Wajinga nyie!" akawapigia kelele. "Nimekimbia kwa woga, sikupona! Hata mbuzi kilema hukimbia akimwona chui."

Jioni akaniita. Nikachuchumaa nje ya mlango, yeye yuko ndani.

"Ulijua kuwa linauma?"

"Nilijua, mama. Linauma kidogo."

"Kidogo kwa nani? Wewe una nguvu na viatu vya tairi. Kidogo chako ni kifo cha mwenzako." Nikasikia anasugua magoti. "Kitu kinawauma kila siku, nyie mnakipa jina na kukialikia wageni. Lile bomba likitengenezwa, njoo Mikumi tuzungumze. Lisipotengenezwa, usije."

Asubuhi nikaenda ofisini kwa meneja. Unajua alisema nini? Kwamba hajawahi kusikia habari za bomba hilo. Shamba lilikuwa letu sote, na kwa kuwa lilikuwa letu sote kila mmoja aliamini mwenzake ameshasema. Siku hiyohiyo injini ikazimwa, fundi akabadilisha waya, na Daktari akafa. Wagonjwa wake walinichukia. Yule mzee wa baridi yabisi nilimwamkia shikamoo asubuhi iliyofuata, akanipita bila kuitikia. Mwanangu, ilinichoma kuliko bomba. Lakini nilikwenda Mikumi, nikampata Zainabu, bibi yako, na mama yake yule akaishi miaka mingi na magoti yake mabovu, akinitania mbele ya wageni kwamba mkwe wake alimvua kama samaki.

Basi nisikilize. Juzi nilipokuja kwako nilikuona unafungua friji kwa kukunja kanga mkononi. Nilipouliza ukacheka, ukaniambia, "Babu, hili limezoea kupiga kidogo." Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na wageni, na sikulala vizuri. Mwanao ameanza kutambaa. Kesho kutwa atasimama, na atakaposimama atashika kilicho karibu, kwa mkono uliotoka mdomoni, umelowa mate. Yeye hana kanga, wala hajui kuachia.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Hatari ndogo usiizoee, usiicheke, usiipe jina la utani. Usiseme mwenzangu ataripoti. Chomoa waya wa friji hilo leo, ukimaliza kusoma barua hii, ndipo umtafute fundi. Na wakikuchukia kwa kuharibu kilichowafurahisha, wavumilie; mimi nilichukiwa na nikaoa.

Mungu aitunze mikono ya mtoto huyo. Akukuzie, akuwekee, aje akuamkie shikamoo na wewe uwepo wa kumwitikia. Amina.