Vazi Jekundu la Mpishi wa Udongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu alininyang'anya ndoo. Nilifika saa moja kamili asubuhi, nikaona vumbi limelala kwenye rafu za ghala, nikajifunga kitenge juu ya gauni na kwenda kuchota maji. Nani angenilaumu? Nimelelewa Kagera na mama ambaye mgeni akikuta kikombe kichafu, yeye hali siku hiyo. Mhifadhi Mkuu, mzee wa Kisukuma, mpole wa sauti na mkali wa macho, akaishika ndoo ile.

"Mama, unataka kufanya nini?"

"Shikamoo, bosi. Nataka kusafisha."

"Marahaba. Hapa hatusafishi, tunatunza. Hizo ni kazi mbili."

Nikasema ndiyo, bosi. Sikuelewa hata kidogo.

Ninyi vijana wa makumbusho mna kompyuta na mashine za kupima unyevu. Sisi tulikuwa na brashi laini, rejesta ambamo kila kitu kinachoingia hupewa namba yake, na kadi ya hali. Kadi hiyo inaeleza kitu kimefikaje: kina ufa wapi, kimemeguka wapi, rangi ikoje. "Kadi unamwandikia mtu ambaye hajazaliwa," Mhifadhi Mkuu alikuwa akisema. "Huwezi kumfuata baadaye ukamsahihishia." Nilidhani ni maneno ya wasomi tu, wapendao kujisikia wakiongea.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio zawadi ya Daktari ilipofika. Huyu alikuwa daktari mstaafu wa Bukoba aliyesoma Uchina na kufanya kazi huko miaka mingi, naye aliamua kulipatia jumba letu sanamu zake zote. Zilikuja kwa lori, ndani ya makreti yaliyojazwa majani makavu ya migomba. Lami ilikuwa haijafika kote, na daraja lilikuwa halijawazwa, kwa hiyo zikavuka kwa kivuko pale Busisi. Zilipofika kwetu Nyamagana, dereva alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

Tulizifungua taratibu. Kulikuwa na mama wa huruma, mungu wa Kichina, wa kauri nyeupe, kauri ile inayong'aa kama kioo. Kulikuwa na mzee mnene wa mbao anayecheka, na kondoo wa jiwe la kijani asiyezidi kidole gumba. Chini kabisa kulikuwa na mwanamke wa udongo, amepiga magoti, anakanda unga. Mhifadhi Mkuu alisema ni sanamu ya kaburini. Zamani kule Uchina tajiri alizikwa na watumishi wa udongo ili wampikie huko aendako. Nilimpenda yule mpishi papo hapo. Kati ya miungu na wazee wanaocheka, yeye peke yake alikuwa kazini.

Ila alikuwa mchafu. Vumbi jekundu limemganda mabegani na kwenye mikunjo ya vazi. Nikasema moyoni, maskini, barabara ya Biharamulo imekufanyia hivi. Mhifadhi Mkuu alipotoka kwenda benki, nikaleta beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa, nikamwogesha kama mtoto. Maji yakawa mekundu. Nilifurahi, jamani! Nilimwaga, nikaleta mengine.

Nilipokuwa nakikamua kitambaa ndipo nilipoona. Vumbi la barabara huzama chini ya beseni, nawe ukisuuza kitambaa linatoka. Hili halikutoka. Nikatazama kwapa la yule mpishi, mahali ambapo kitambaa hakikufika. Palikuwa na wekundu mzuri, na ua dogo jeupe lililochorwa juu yake. Mungu wangu! Ilikuwa rangi baridi, yaani rangi inayopakwa udongo ukishachomwa, kwa hiyo haijashikwa na moto na maji huiondoa. Rangi iliyokaa kaburini karne na karne, mimi nimeimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kadi yake ilikuwa bado tupu. Ningeandika "rangi imefifia" na hakuna ambaye angejua. Kalamu niliishika, sikatai. Lakini Mhifadhi Mkuu aliporudi, nilimpeleka mezani nikamwonyesha.

"Umetumia sabuni?"

"Hapana, bosi. Maji tu."

"Afadhali." Akanisogezea kadi. "Andika ilivyotokea, na jina lako. Alhamisi Daktari anakuja kukabidhi. Utamwambia wewe mwenyewe. Akikasirika akachukua makreti yake, atayachukua, na barua yako ya kuachishwa kazi nitaiandika mimi."

Alhamisi Daktari akaja, ameshikwa mkono na binti yake. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba macho yake yamekufa. Alitaka kuziaga sanamu zake moja moja kwa vidole. Alipofika kwa mpishi, binti yake ametoka kumwita dereva, akampapasa bega polepole.

"Huyu alikuwa kipenzi cha marehemu mke wangu," aliniambia. "Mwanangu, vazi lake bado jekundu?"

Sentensi yangu ya kukiri nilikuwa nimeikariri tangu alfajiri.

"Bado, baba. Jekundu kabisa."

Mhifadhi Mkuu alikohoa. Daktari akasema asante, akasaini hati. Walipoondoka, bosi aliniuliza jambo moja tu: kama kadi ina ukweli. Nikasema inao. Akaisaini chini ya jina langu, wala barua ya kuachishwa hakuiandika.

Mabosi walifuata wengine. Wa pili alipenda wageni wakubwa, na siku moja alitaka tumpake mpishi rangi ya kucha ili apendeze kwenye maonyesho. Nikamwambia anipake mimi kwanza, tuone nitadumu miaka mingapi. Alininunia mwezi mzima, lakini mpishi hakupakwa. Wa tatu, mwanamke, alinipa ghala lote nilisimamie, na kwa miaka yote hiyo sikuosha tena kitu chochote kwa kujiamulia.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Misungwi. Mwezi wangu wa mwisho kazini, binti yule wa Daktari alikuja, naye sasa ana mvi. Baba yake alikuwa amefariki. Aliomba kadi ya mpishi, nami nikamletea. Alisoma hadi kwenye jina langu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilimdanganya mzee wako, nisamehe."

"Baba alijua," alisema. "Alituambia humo humo garini, tunarudi. Yule mpishi ukimshika, vidole hubaki na unga mwekundu. Siku ile vidole vyake vilitoka safi."

"Mbona hakusema?"

"Nilimwambia turudi tuchukue vitu vyetu. Akasema, mwache mama wa watu, sauti yake imetetemeka; atakuwa mtunzaji mzuri."

Alipoondoka nilifunga mlango wa ghala. Glovu nimewafundisha wengi, na nimewagombeza wengi kwa kutozivaa. Siku ile nilizivua. Nilimpapasa mpishi begani, mara moja tu, nikavitazama vidole vyangu. Vilikuwa safi.